Maneno Yaliyokaa Ndani ya Busta

Siku ya soko pale Tulia, asubuhi jua likiwa limeanza kuuma, Nzuki alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya mkaa akihangaika na nati ya ekzosi, aliposikia kigari kikiingia uani kwake, kikazimwa, kisha kikasema neno. Alimaliza nati kwanza. Fundi hawezi kuacha kazi katikati kwa sababu ya kila gari linalosema neno.

Alipojitoa chini ya pikapu alikuta kigari cha milango miwili, rangi ya krimu iliyochujuka, na kwenye kiti cha nyuma mbuzi waliofungwa miguu wakitazama nje kama abiria waliolipa nauli. Kwenye usukani alikuwa Dubow, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuja kutoka upande wa Garissa na kupanga chumba nyuma ya machinjio. Dubow hakuwa ameshuka. Mguu wake ulikuwa bado juu ya breki.

“Fundi, umesikia?”

“Nimesikia.”

“Imesema nini?”

“Sikushika vizuri. Nilikuwa na nati.”

“Kila nikizima injini halafu nikanyage breki, inaongea,” Dubow alisema. “Na inaongea Kikamba. Mimi Kikamba sijui. Nataka uniambie kama inanitukana. Kama inanitukana, walahi, naiuza wiki hii.”

Nzuki aliona hilo ni jambo la haki. Alimwambia akanyage tena. Dubow akakanyaga. Kukatoka mlio wa hewa inayopenya mahali pembamba, na kutoka chini, pale miguuni pa dereva, ikaja sauti ya mwanamume mtu mzima. Ilikuwa ya chini, na ilikatika kabla haijamaliza.

“Hiyo hapo,” Dubow alisema. “Umesikia mwisho? Lea. Kila mara ni lea, lea. Hilo ni Kiswahili, nalijua. Kulea. Lakini gari italea nani, fundi? Hawa mbuzi?”

Kwa Kikamba, kulea ni kukataa. Kila mtoto wa Ukambani aliyepelekwa shule amewahi kujikwaa hapo. Nzuki mwenyewe, siku mwalimu alipoandika ubaoni kwamba mama mwema hulea watoto wake, alirudi nyumbani amenyong’onyea, akawahurumia watoto wa Waswahili wanaokataliwa na mama zao na bado wanaambiwa washukuru. Ilichukua muda mrefu kabla mtu hajamweleza. Lakini siku hiyo hakumweleza Dubow. Alikuwa ameshafungua boneti, na macho yake yalikuwa yametua kwenye paipu ya mpira inayotoka kwenye injini kwenda kwenye busta, lile kopo la chuma linaloongezea breki nguvu.

Paipu hiyo ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba, na waya ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto. Mafundi wote aliowajua walisokota kuelekea kulia. Nzuki alitumia mkono wa kushoto.

Kabla ya Tulia, Nzuki alikuwa na gereji Kasikeu, kule Makueni, na kigari hiki kilikuwa cha Mzee Muthama. Muthama alikuwa na duka, alikuwa mzee wa kanisa, na mwaka ule wa njaa ndiye aliyesimamia kugawa mahindi ya njano, kwa hiyo hapakuwa na nyumba ambayo haikumhitaji. Nzuki alimfungia breki mpya. Alipokuwa akizijaribu aligundua kwamba valvu ndogo ya njia moja, ile inayokaa kwenye paipu ya busta, ilikuwa inavuja. Hakuwa na nyingine dukani. Injini ikiwa inawaka, uvujaji huo haukuwa na madhara yoyote. Injini ikizimwa huku gari linakwenda, breki ingekuwa ngumu kama jiwe la kusagia.

Na Muthama alikuwa na tabia ya kuzima injini kwenye miteremko. Wengi walikuwa nayo. Petroli ilikuwa inaliwa na vilima vya kupanda, na watu waliona ni haki yao kuirudisha kwenye vilima vya kushuka. Nzuki alimwambia asizime mpaka valvu nyingine ije kutoka Nairobi. Yaani, aliamini kwamba alimwambia.

Wiki haikuisha kabla kigari hakijateremka mteremko wa mtoni bila kusimama na kumgonga Syokau, aliyekuwa akitoka kwenye ugawaji na gunia la mahindi ya njano mgongoni. Alikufa palepale. Muthama aliwaambia watu kwamba breki ilikataa. Alipoulizwa kama fundi alimwonya juu ya lolote, alifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiri, akajibu kwamba hakumbuki kuambiwa kitu. Basi, breki zilikuwa zimetoka mikononi mwa Nzuki juzi tu, na hakuna aliyehitaji kuumiza kichwa zaidi ya hapo.

Magari yaliacha kuja. Mama yake Syokau, Kalunde, ambaye Nzuki alikuwa akimsalimia tangu utotoni, aliacha kumpokea salamu. Akikutana naye njiani aligeuza uso akatazama ukuta, na kama hapakuwa na ukuta alitazama mbali. Mwishowe Nzuki alifunga vifaa vyake akahamia Tulia, upande wa Kitui, na watu wa Kasikeu wakacheka kwamba fundi aliyeshindwa kusimamisha magari amekwenda kuishi mahali ambapo jina lenyewe linayaamuru.

Kicheko alikizoea. Kitu ambacho hakukizoea ni kwamba alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Mtu akikanushwa na kijiji kizima, kumbukumbu yake nayo huanza kumkanusha. Kwanza alijua alimwonya Muthama. Baadaye akawa anadhani. Sasa, akiwa peke yake, alijiuliza kama lile onyo alilifikiria tu kichwani huku mdomo ukiwa umeshika spana, na kama ni hivyo, basi Syokau alikufa kwa mkono wake. Swali hilo ndilo alilolala nalo na kuamka nalo, na hapakuwa na mtu wa kumjibu.

“Niachie gari mpaka jioni,” alimwambia Dubow.

Dubow alishusha mbuzi wake, akawafunga kwenye nguzo ya ua, akaketi juu ya tairi kuukuu na chai yake. Nzuki akaanza kazi kwa utaratibu, kama alivyofanya na kila gari.

Aliwasha injini, akakanyaga pedali. Ilishuka laini na breki zikashika. Akazima, akasubiri kidogo, akakanyaga mara ya kwanza. Ikaenda nusu. Mara ya pili ilikuwa ngumu na haikwenda popote. Akauacha mguu pale pale juu ya pedali ngumu na kuwasha tena, na pedali ikazama yenyewe chini ya kiatu chake, taratibu, kama mtu anayeketi. Basi busta ilikuwa nzima na raba ya ndani haikupasuka. Alibana paipu kwa vidole, akasikiliza injini, haikubadilika. Paipu nayo ilikuwa nzima. Ilibaki valvu. Ilikuwa ni valvu ileile, bado inavuja, na hakuna mtu aliyeibadilisha tangu siku ile.

Jambo la maneno nalo halikuwa gumu kueleweka. Busta haina nguvu zake yenyewe. Injini huvuta hewa kutoka upande wake mmoja, na mguu ukigusa pedali, upande wa pili hufunguka na kuvuta hewa kutoka miguuni pa dereva. Tofauti ya pande hizo mbili ndiyo inayosukuma breki. Hewa hiyo ya miguuni huingia pamoja na chochote kilichokuwa kikisemwa wakati huo. Katika magari mengi injini huyavuta maneno hayo na kuyachoma pamoja na petroli, na wapita njia huona moshi tu. Lakini mtu akizima injini halafu akanyage, maneno huingia yakakosa njia ya kutokea. Akiwasha tena, valvu nzima huyavuta yote. Valvu inayovuja huvuta mepesi tu, salamu, bei za mbuzi, na habari za mvua. Mazito hubaki chini ya raba. Nzuki alikuwa amewahi kutengeneza lori la misheni lililokuwa na toba ya mtu ndani yake, na aliisafisha bila kuisikiliza.

Safari hii alisikiliza. Alilala kifudifudi sakafuni mwa kigari, sikio karibu na pedali, akawa anaisukuma kwa mkono, polepole, kwa kuwa mguu huyatoa yote kwa pamoja na zito ndilo linalosikika. Maneno yalitoka kwa kufuatana, ya karibuni yakitangulia, na alipoachilia pedali yalirudi ndani.

La kwanza lilikuwa jina, kwa sauti ya Dubow.

“Dubow,” Nzuki aliita kutoka sakafuni. “Timiro ni nani?”

“Mke wangu. Yuko Garissa. Amesema hawezi kuishi mahali penye vilima.”

“Yumo humu.”

Dubow alikunywa chai. “Sawa,” alisema. “Si mbaya kama yuko huko.”

Baada ya Timiro alikuja mwenye gari wa katikati, aliyelinunua kabla ya Dubow, mwalimu wa Kathonzweni, akimwomba Mungu ahamishwe. Yalikuwa maombi mengi na yote yalifanana, na Nzuki aliyapita kwa heshima. Kisha mlio wa hewa ukabadilika, ukawa mzito, na sauti ile ya mtu mzima ikatoka yote bila kukatika.

“Nyamaza,” alisema Mzee Muthama. “Tutasema breki ilikataa.” Ndiyo hiyo lea ya Dubow.

Nzuki alisukuma tena. Sasa alikuwa mwanamke, mke wa Muthama, na alikuwa akisema haraka kama mtu anayeona kitu mbele: “Washa! Washa, fundi si alikukataza kuzima!” Kabla ya hapo alikuwa Muthama, ametulia, pengine mkono mmoja nje ya dirisha: “Fundi hanunui petroli yangu.”

Yalibaki maneno ya chini kabisa, yaliyoshika kwenye chuma. Ilibidi asukume kwa mikono yote miwili. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana zaidi, yenye haraka kidogo, ya mtu anayeongea huku akikanyaga pedali kujaribu kazi yake. Ilimchukua muda kuitambua, kwa sababu mtu haijui sana sauti yake mwenyewe.

“Mzee, hii valvu inavuja. Mpaka nipate ingine, usizime injini kwa mteremko. Hata kidogo.”

“Nimesikia, fundi.”

Nzuki alilala pale sakafuni. Machozi yalimtoka na hakuyazuia, nayo yakalowesha zulia la gari. Alikuwa amesema. Hakufikiria tu, alisema, kwa mdomo, na tena alisema hata kidogo. Aliirudia pedali mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Alipotoka nje uso wake ulikuwa na alama za zulia, na Dubow alimtazama kisha akatazama mbuzi.

“Inanitukana?”

“Hapana. Haikujui.”

“Basi itengeneze.”

Ndani ya kopo la maziwa ya unga Nzuki alikuwa na valvu nzima aliyoitoa kwenye gari lililokufa. Kazi yenyewe ingechukua muda wa kunywa chai. Aliitoa kwenye kopo, akaipuliza, akahakikisha inapitisha upande mmoja tu, kisha akaitia mfukoni.

“Jumapili twende nayo Kasikeu kwanza,” alisema. “Kuna mama ninataka aisikie. Kule pia kuna mbuzi.”

Dubow alifikiria habari ya mbuzi, akakubali.

Walitoka Jumapili kabla ya jua na kupitia Machakos, Dubow akiendesha, mbuzi wakiwa wameachwa nyumbani. Hawakuzima injini popote. Walipofika kwa Kalunde ibada ilikuwa imekwisha, na uani chini ya kivuli cha ghala walikuwa wameketi Mzee Muthama na mchungaji, wakila chakula cha mchana. Muthama alikuwa na desturi ya kuja hapo Jumapili na sukari. Tangu mazishi, yeye ndiye aliyewasomesha watoto wa Syokau. Wasichana wawili walikuwa wamekaa ngazini wamevaa soksi nyeupe na viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi vizuri.

Dubow aliomba maji ya kutawadha, akapewa, akaenda nyuma ya nyumba kuswali. Kalunde alimtazama Nzuki akishuka, kisha akageuka akatazama ukuta wa ghala.

“Mwaitu, sikuja kuomba salamu,” Nzuki alisema. Mwaitu ni mama. “Nimekuja na gari. Kaa hapa kwa kiti, usikilize.”

Kalunde alikitambua kigari. Alikikaribia akiwa ameshika ncha ya leso yake, akakizunguka upande wa mbele, akagusa mahali palipowahi kubonyea na kunyooshwa. Halafu akaketi kwenye kiti cha dereva, miguu ikiwa nje. Muthama na mchungaji walinawa mikono wakaja nao, kwa kuwa haikuwa adabu kuendelea kula mwenye nyumba akiwa na shughuli. Nzuki alipiga magoti akasukuma pedali.

Gari lilisema yote. Lilimtaja Timiro, likamwombea mwalimu uhamisho, kisha likafika Kasikeu. Tutasema breki ilikataa. Washa, washa. Fundi hanunui petroli yangu. Na mwisho, kutoka chini kabisa, onyo na jibu lake.

Kuku alipita.

“Hiyo ni sauti yangu,” Muthama alisema. “Na ile ya katikati ni ya mama watoto. Siku hizi ameinenepesha kidogo.”

“Inasikika vizuri sana,” mchungaji alisema. “Afadhali kuliko redio yetu.”

“Nilikuwa nimesahau kabisa, Nzuki,” Muthama aliendelea, bila kumkwepa macho. “Kweli uliniambia. Sasa nimekumbuka.”

“Basi sema, mzee,” Nzuki alisema. “Sema kanisani. Jumapili moja tu. Sitaki kitu kingine.”

Muthama alimtazama mchungaji, na mchungaji akalifikiria jambo hilo kwa uzito uliostahili. Alieleza kwamba mtu anayetoa ushahidi huapa, na gari haliwezi kushika Biblia. Alieleza pia kwamba maneno ya mume na mke ndani ya gari lao ni kama maneno ya chumbani, na kwamba kanisa lilikwisha kulifunga jambo la Syokau kwa maombi ya kufunga na kukesha. Jambo lililofungwa hivyo haliwezi kufunguliwa kwa pedali. Alisema hayo kwa upole na Muthama akaitikia kwa kichwa mahali palipofaa. Kisha wakarudi kwenye kivuli cha ghala, kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Kalunde alibaki kwenye kiti.

“Sauti ya Syokau haimo?” aliuliza.

“Haimo, mwaitu. Hakuwa ndani ya gari.”

“Ni kweli,” Kalunde alisema. “Alikuwa nje.”

Alipapasa usukani. Halafu akainuka akamwashiria Nzuki wasogee mpaka kwenye ua wa miiba, ambapo watoto hawangesikia. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimtazama usoni. Alikuwa amezeeka, na jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu.

“Mwanangu, nilikukosea.”

Neno hilo Nzuki alikuwa amelingoja kwa muda mrefu mno, na lilipokuja akashika mti wa ua.

“Nilikukosea na najua,” Kalunde alisema. “Nikifa nitamwambia Syokau kwamba haikuwa wewe. Lakini hapa chini nitaendelea hivyo hivyo. Sikiliza nikueleze. Mkubwa yuko kidato cha pili. Huyu mdogo anataka kuwa daktari wa meno, sijui alimwona wapi daktari wa meno. Muthama anawalipia kwa sababu ya huruma. Siku watu wakijua ni yeye, haitakuwa huruma tena, itakuwa deni, na yule mtu namjua. Huruma hutoa. Deni atalipeleka kwa chifu, na kwa wakili, na litakaa huko mpaka hawa wasichana wawe na wajukuu.”

“Na mimi, mwaitu?”

“Wewe uko Tulia. Una kazi. Una mikono.” Aliishika mikono yake miwili, ya mafuta na makovu, akaitazama kama anayekagua mzigo. “Umebeba mpaka hapa, na hujaanguka. Kwa Kikamba breki ililea. Kwa Kiswahili Muthama analea. Mimi nina wajukuu, mwanangu. Nimechukua cha Kiswahili.”

Upepo ulileta harufu ya wali kutoka kwenye kivuli cha ghala. Mmoja wa wasichana alikuwa akimsomea mwenzake kitu kwa sauti, akikosea na kurudia.

“Na nikikutana na wewe sokoni?” Nzuki aliuliza.

“Nitatazama ukuta. Nikikusalimia wataniuliza kwa nini nimeanza.” Aliachilia mikono yake. “Na hayo maneno uyatoe, tafadhali. Hao watoto wanajua Kikamba.”

Nzuki alikasirika. Alisimama pale kwenye miiba akakasirika kuliko alivyowahi, akatamani kuendesha kile kigari mpaka katikati ya soko na kusukuma pedali mbele ya kila mtu hadi hewa imwishie. Kisha akawatazama wasichana. Yule mdogo alikuwa na mwanya sawasawa na wa Syokau.

“Sawa, mwaitu,” alisema.

Alifungua boneti. Alikata waya wa shaba alioufunga yeye mwenyewe, akachomoa valvu ya zamani, akachomeka ile iliyokuwa mfukoni, akafunga paipu kwa kibano kipya. Aliingia kwenye kiti cha dereva na kuwasha injini, akaipandisha kidogo kwa mguu wa kulia, na kwa wa kushoto akakanyaga breki mara kadhaa. Injini ilijikwaa, ikakohoa, kisha ikavuta. Moshi mweupe ulianza kutoka nyuma, mwembamba mwanzoni, wa Timiro na wa mwalimu, halafu mzito, unaokaa chini kabla ya kupanda. Muthama na mchungaji walihamisha viti vyao upande usio na moshi. Mwishoni kabisa kulitoka wingu dogo lililobaki uani baada ya mengine kutawanyika, na Nzuki alilijua ni lipi. Alilitazama kwenye kioo mpaka lilipopita juu ya ghala.

Dubow alirudi akijifuta vumbi kwenye paji la uso. Alikanyaga pedali injini ikiwa inawaka, akazima, akakanyaga tena. Ilishuka laini mara zote mbili na haikusema kitu.

“Imenyamaza,” alisema. “Na Timiro?”

“Ameenda. Samahani.”

Dubow aliutazama moshi uliokuwa umebaki angani. “Hakupenda vilima,” alisema. “Haya. Sasa niambie, ilikuwa inasema nini hiyo lea?”

“Kulea watoto,” Nzuki alisema.

“Nilijua!” Dubow alisema, akafurahi kwamba Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi hicho.

Waliaga. Muthama alimpa Nzuki mkono na kumtakia safari njema, na mchungaji akaomba maombi mafupi ya barabarani. Kalunde alikuwa amesimama mlangoni akitazama ukuta.

Barabara ya kutokea ilikuwa ileile ya mteremko wa mtoni. Nzuki alimwomba Dubow asizime injini, na Dubow hakuzima. Kigari kilishuka taratibu, kikizunguka mashimo, mpaka karibu na daraja ambapo wanawake watatu walikuwa wakivuka na punda waliobeba maji. Dubow aligusa breki kwa ncha ya kiatu. Gari lilisimama pale pale, bila kuteleza, bila kuinamisha pua, na punda wakapita bila hata kugeuza masikio.

“Walahi, hii ni breki,” Dubow alisema. “Nani alifunga breki za hii gari, fundi? Unamjua?”

“Ni mimi,” Nzuki alisema. “Hizo breki nilizifunga mimi.”

Dirisha lilikuwa wazi. Mwanamke wa mwisho, aliyekuwa akimswaga punda wake, alisikia, akainama kidogo kumwona vizuri aliyesema, kisha akaharakisha kuwafikia wenzake.

“Ni yeye,” aliwaambia. “Afadhali leo amekubali mwenyewe.”